Bwana Mitambo na Kadi za Mama Karani

Chama cha wachangia damu kilipomleta Bwana Mitambo ahamishie kadi za wanachama kwenye kompyuta, mama karani aliapa kutoigusa hiyo mashine na kumnunia mwenye mashine mwezi mzima. Kununa kukamshinda. Utamnunia vipi mtu anayenawa mikono kabla ya kushika kadi kuukuu? Tena akikuta neno la penseli la mama karani pembeni, "Huyu huzimia, apewe soda kwanza," huguna, "Mama, hili nalo liingie," kisha huligonga kwa vidole viwili, mtaalamu mzima!

Leo ikaja kadi ya marehemu mumewe mama karani, ambayo kwa miaka sita amekosa moyo wa kuiondoa kwenye droo. Mama karani akajitia kutafuta kalamu. Mashine ikauliza: mwanachama yupo, au amejitoa? Bwana Mitambo akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Mama, huyu alijitoa?"

"Hakujitoa, baba."

"Basi mashine ndiyo haina adabu."

Akaongeza nafasi ya jibu la tatu, akaiacha tupu, akamsogezea kibodi. Mama karani akavuta kiti.