Siku Niliyomfukizia Unsi Mkaguzi wa Maziwa

Mkiniona napitia nyuma ya soko la mifugo, kwenye vumbi na mavi ya ngamia, wakati barabara ya lami iko pale pale, msidhani nimeingiwa na wazimu, ni aibu tu. Pale stendi ya tuk-tuk wananiita Zimamoto. Hata watoto wa madrasa wananiita Zimamoto, na siwalaumu, kwa sababu hilo jina nilijipa mwenyewe kwa mikono yangu miwili, mchana kweupe, watu wakiona.

Wengi wenu mmeona video, basi mnajua mwisho wake tu. Mwanzo wake ni Eeddo Dahabo, shangazi yangu, dada ya babangu, aliyenilea tangu hooyo, mamangu, afariki. Eeddo na wanawake wenzake wa Bura wametuma maziwa ya ngamia hapa Garissa kwa pikapu tangu mimi sijajua kuvaa viatu, na kila watu wa afya wakisimamisha pikapu na kuuliza leseni, leseni hakuna, maziwa yanamwagwa kando ya barabara. Sheria ni sheria, sawa, lakini mtu aliyeamka alfajiri kukama hawezi kutazama mchanga ukinywa maziwa yake akasema sheria ni sheria. Ndiyo tukaamua tutafute leseni ya kiwanda, kidogo tu, tuchemshe maziwa, tugandishe mtindi, tutie kwenye vikombe vyenye jina letu, tuuze dukani kama watu. Eeddo akauza ngamia wake jike wa mwisho tujenge hapa mjini chumba wanachotaka watu wa leseni: vigae vyeupe, wavu madirishani, sinki, na kijichumba cha kuvalia makoti meupe kabla ya kuingia penye maziwa. Siku ile ngamia anaondoka Eeddo alimshika shingo akamwambia maneno ambayo sikusogea karibu kuyasikia.

Sasa siku ya mkaguzi ikafika. Nilipiga deki kile chumba mpaka vigae vikatoa mwanga, lakini nilipomaliza, chumba chote kilinuka dawa ya sakafu, kinanuka wodi ya hospitali, na mimi nimelelewa kwa Eeddo, ambako mgeni hajawahi kupokewa na harufu ya hospitali. Kwetu mgeni akija unawasha chetezo, unatia unsi (ule ubani wetu unaopikwa na sukari na manukato), unafunga madirisha kidogo harufu ishike mapazia, mgeni akiingia anajua ameheshimiwa. Nikajiambia, kidogo tu, punje mbili tatu. Na hapa ndipo ninapotamani kujichapa kofi, kwa sababu kwenye mafunzo ya leseni ni mimi niliyewasomea akina mama kanuni kwa sauti: hakuna moto, hakuna ubani, hakuna manukato penye maziwa, kwa sababu maziwa hushika harufu. Nilisoma vizuri mno, wakanipigia makofi.

Nikawasha. Punje mbili tatu zikawa kiganja, mnajua unsi ulivyo. Moshi ukapanda mtamu, nikafunga madirisha, nikasimama katikati ya chumba nikijiona bibi harusi. Hapo nikasikia tuk-tuk nje. Mkaguzi! Saa aliyosema ilikuwa bado kabisa, lakini watu wa bara ukiwaambia saa nne wanakuja saa tatu, na nyuma yake pikapu ya Bura ikaingia na akina mama na mitungi ya maziwa na Eeddo mbele kabisa, amejitanda garbasaar yake ya Idi, ule mtandio mpana.

Ningekitoa tu kile chetezo nje, hadithi ingekuwa imeisha hapo. Lakini mlango ulikuwa mmoja na mkaguzi ameshasimama mlangoni, basi nikakimbilia kijichumba, nikafungua kabati la makoti, nikasukuma chetezo ndani, makaa mekundu na yote, kando ya maboksi ya vikombe vya plastiki, nikafunga.

"Karibu, Bwana mkaguzi, karibu!"

Akavuta pumzi. Mtu mzima, mpole, miwani kwenye kamba. "Asante, Madam. Hii ni harufu gani?"

"Usafi," nikasema.

(Wallahi, hilo ndilo jibu nililotoa.)

Akacheka kidogo, akaniuliza habari ya nyumbani, akagonga vigae, akatazama sinki, akatikisa kichwa kukubali, na mimi moyo unaanza kutulia. Akina mama wameshusha mitungi mlangoni, wamejipanga kama wanafunzi wanaosubiri matokeo. Mkaguzi akafika kijichumba akasema, "Basi nipe koti nivae, tuingie penye maziwa."

"Wewe ni mgeni, huhitaji koti."

"Madam, hata waziri akija anavaa koti."

"Yamefuliwa, bado hayajakauka."

Akanitazama. Kule kutikisa kichwa kukaisha. "Na huo moshi unaotoka kabatini ni wa kuyakausha?"

Akafungua mlango wa kabati mwenyewe. Subhanallah! Makoti yalikuwa yanafuka polepole kwa kukosa hewa, hewa ilipoingia yakalipuka, vikombe vikaanza kutiririka kama nta, na moto ukapanda moja kwa moja hadi dari. Nikapiga mbio kwenye tangi la maji nje. Tangi lina kufuli (usipofunga maji hapa mtaani, umegawa), na ufunguo wa kufuli, jamani, uko mfukoni mwa koti langu. Koti langu liko kabatini.

Sikufikiri tena. Nikabeba mtungi wa kwanza wa maziwa nikamwaga. Moto ukalia tssss ukarudi nyuma. Nikabeba wa pili.

"Abaayo, dada, maziwa! Maziwa!" akina mama wanapiga kelele, mmoja ameshika mtungi wake upande mmoja na mimi upande mwingine, tunavutana kama tunagombania mtoto. Nikaunyang'anya. Nikamwaga mpaka mtungi wa mwisho, moto ukazima, na maziwa meupe yakatoka mlangoni yakashuka ngazi mpaka barabarani. Mbuzi wa jirani wakaja kulamba. Dereva wa tuk-tuk ameinua simu, watu wanacheka wanashika mbavu, na mimi nimesimama nimelowa, nyusi moja haipo.

Mkaguzi alipangusa miwani yake kwa muda mrefu. Viatu vyake vilikuwa vimejaa maziwa.

"Madam, ungeniambia tu," akasema. "Ningekwambia utoe hicho kitu nje, fungua madirisha, tuendelee. Hata kosa nisingelihesabu. Sasa kiwanda kimeungua mbele ya macho yangu, na wewe umeniambia ni usafi. Nitasaini nini?"

Alisema tunaweza kuomba tena tukijenga upya. Kujenga upya na ngamia yupi?

Eeddo hakunigombeza. Ningefurahi kama angenigombeza, angenitukana, angenipiga na kandambili yake. Aliinama tu akaokota chetezo kwenye majivu, kilikuwa chake, cha harusi yake, akakipangusa kwa pindo la garbasaar yake ya Idi, na akasema, "Haye. Twende nyumbani."

Pikapu bado inatoka Bura, na njiani bado inasimamishwa. Lakini wale watu wa afya wa barabarani wana haki yao ya kuniangalia na kucheka, kwa sababu wao walikuwa wanamwaga mtungi mmoja, mitungi miwili. Mzigo mzima wa siku hawajawahi kuumaliza kama nilivyoumaliza mimi.

Basi nimeapa. Mgeni wangu akikuta harufu ya dawa ya sakafu, avumilie, na akiniuliza ni harufu gani, nitamtajia jina lake. Unsi siwashi tena. Naye Eeddo, ambaye tangu kuzaliwa kwake hakuwahi kunywa chai bila maziwa ya ngamia wake, siku hizi anakunywa ya rangi, bila maziwa. Juzi nilimnunulia maziwa ya pakiti dukani, ya kampuni ya watu wengine, yana leseni. Akaisogeza pakiti pembeni kwa kidole kimoja.

"Kunywa wewe," akaniambia. "Mimi nimeshazoea."