Besi ya Upande wa Dirisha

Mabafle, zile spika kubwa za muziki, yaliingia kwetu kwa gari la kampuni. Bwana yangu ni fundi wa umeme huko, na mzungu mmoja wa ofisini alikuwa anarudi kwao, hakutaka kuyabeba. Ni marefu, yananifikia kifuani, mbao nyeusi inayong'aa, yanasimama chini yenyewe bila meza. Nyumba yetu, hapa mtaa wa Kasulo, ina chumba kimoja cha kulala na saloni ya kupokelea wageni. Kitanda cha mtoto kilikuwa saloni. Siku ile kilisukumwa mpaka kona ya dirisha, nyuma ya bafle la kushoto, na hakuna aliyeniuliza.

Nilidhani tutasikiliza muziki. Kumbe mabafle ya namna ile hayasikilizwi, yanapimwa. Kila Jumapili tukitoka kanisani, umeme ukiwepo, bwana yangu anaweka kiti katikati ya saloni, anafunga dirisha, anazima feni, ananiambia niache kuosha sahani. Anaweka wimbo, anafumba macho, anausimamisha, anaurudisha nyuma. Kipande kile kile cha gitaa mpaka mchana unaisha. Mtoto wetu ndio kwanza alikuwa anaanza kutembea. Jaribu wewe kumwambia mtoto wa umri ule kwamba baba yake anasikiliza ukimya.

Rafiki yake, anayepiga gitaa la besi kwenye kwaya yetu, alikuwa anakuja kumsaidia kuhukumu. Anamwita yaya, kaka mkubwa.

"Yaya, unasikia ya kushoto?" alisema. "Ile njo besi. Ya kuume iko kama ina njaa."

"Ya kushoto inafika mu tumbo," bwana yangu akajibu.

"Mu tumbo kabisa. Bazungu banajua kutengeneza bitu."

Mi nilikuwa nimesimama mlangoni, mtoto mgongoni, na nilichosikia hakikuwa besi. Kila mpigo ukishuka, kulikuwa na kitu kinachoujibu kutoka chini, kikichelewa kidogo, kama mtu anagonga pipa tupu. Nilikuwa naijua sauti ile. Siku nyingi nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, nje, chini ya dirisha lile lile, na kinu kilikuwa kinaitikia vile hakikuitikia zamani. Nilikihamishia upande wa jiko, kikanyamaza.

Mtu wa Kasulo akisikia chini yake panaitikia, hahitaji kuelezwa. Hapa watu wanachimba kobalti ndani ya viwanja vyao, wengine ndani ya vyumba vyao. Shimo linashuka, halafu linakwenda pembeni likifuata madini, na huko chini hakuna ua wa kuonyesha kiwanja cha nani kimeishia wapi. Jirani yetu wa upande wa dirisha alikuwa amezungushia uwanja wake maturubai, na kila siku vijana walikuwa wanaingia na kutoka wakiwa wekundu wa udongo.

"Ile haiko bafle," nikasema. "Ni chini. Jirani amefika kwetu."

"Mama, tunasikiliza."

"Mubadilishe basi. Ya kuume iende kushoto."

Rafiki yake akacheka. "Mama naye amekuwa enjenia wa sauti. Yaya, anatafuta tu njia mabafle itoke mu nyumba."

Walibadilisha, ili nione ujinga wangu. Lile lenye njaa lilipofika dirishani likashiba palepale. Lile la tumboni likakonda. Wakaangaliana. Nilingoja waangalie kitanda. Bwana yangu akapiga magoti, akagonga pavema, sakafu ya simenti, kwa vidole, akatikisa kichwa.

"Ni kweli," akasema. "Chini haiko nguvu. Inaharibu besi."

Inaharibu besi. Mtoto wake analala pale kila siku Mungu anayoleta, na yeye anaona besi.

Nilienda kwa jirani mwenyewe. Hakunifungulia hata turubai. Alinijibu kutoka ndani. "Mama, ambia tata wa mutoto akuje. Mambo ya mashimo haiko ya bamama." Nina diploma ya serikali ya kumaliza sekondari, nimezaa, naendesha nyumba, na mtu ananiongelesha kupitia plastiki. Nikamwambia bwana yangu aende. Akasema ataenda, lakini jirani ni mtu mzima, hatuwezi kumwingilia na makelele, tutulie kwanza.

Jumamosi akarudi na jiwe pana la kuweka chini ya bafle. Alilipata kwa fundi anayechonga mawe ya makaburi. Alilipangusa, akalipima kama limelala sawa, akasimamisha bafle juu yake. Bafle likapata msingi. Mtoto hakupata. Tena uzito wote ule aliuweka juu ya mahali alipokubali mwenyewe kwamba hapana nguvu.

Siku iliyofuata sikugombana. Jumatatu alipoenda kazini, nilifunga mtoto mgongoni, nikavuta kitanda mpaka ukuta wa kuume, kule ambako ukikanyaga kwa kisigino unasikia udongo tu. Halafu nikasukuma mabafle yote mawili kwenye kona ya dirisha, yakasimama bega kwa bega. Jiwe la makaburi nilishindwa kulisogeza, nikaliacha.

Alirudi kazini, hakuvua hata viatu, akawasha. Saloni nzima ikanguruma. Glasi zikaanza kulia kabatini.

"Umeharibu sauti," akasema.

"Sauti njo ile ile. Jana mutoto wako alilala juu yake."

Akazima. Akalala kifudifudi, sikio kwenye pavema, na shati la kazi. Sijui alisikia nini. Aliinuka uso umebadilika, akatoka moja kwa moja mpaka kwa jirani. Nilimsikia kupitia ukuta, sauti juu: pavema yangu, nyumba yangu, mabafle ya pesa nyingi vile. Nilisubiri neno "mutoto." Halikuja.

Lakini yeye alifunguliwa turubai. Wiki ile vijana walishusha magunia ya udongo shimoni badala ya kuyapandisha. Kinu changu nilikirudisha chini ya dirisha kwa majaribio. Kinaitikia kidogo bado, si kama kabla ya magunia.

Sasa wageni wakija, bwana yangu anawaelezea vile masikio yake yaliokoa nyumba. Rafiki yake anaitikia, "Yaya ana masikio." Mi natumwa maji ya kunywa.

Juzi aliniomba, kwa upole kabisa, kama kitanda cha mtoto kinaweza kurudi dirishani, kwa sababu matela yake, godoro lile, inameza sauti ya upande wa kuume. Nilimwangalia. Nikaendelea kumwangalia mpaka akainuka mwenyewe, akaenda kuzima ampli ya muziki.