Nilivyoandika ngoma kwenye telex Nakuru, na aliyekuwa akinijibu kutoka Kitale

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Kuna uzi humu wa vijana wanaotengeneza beat kwa kuandika code. Hakuna ngoma, hakuna kinanda. Mtu anaandika mstari wa herufi na nukta, laptop inapiga. Mmoja akauliza kama kuna mtu mzima humu anayeelewa hayo mambo, ama wazee wote wamekuja kusoma bei ya mahindi.

Mimi ni mtu mzima, na naelewa. Niliandika ngoma kwa herufi hapa Nakuru mwanzoni mwa miaka ya sabini, kabla hata sijaona computer kwa macho yangu.

Ninayosimulia yalitokea. Nimebadilisha jina moja tu, la mwanamke, kwa sababu sijui kama angependa kutajwa hapa.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu Nairobi na digrii ya hesabu. Kampuni moja ya nafaka ikaniajiri na kunileta Nakuru. Kwetu ni upande wa Kakamega. Nakuru sikuwa na mtu.

Siku hizo graduate alikuwa kitu cha kutazamwa. Makarani walidhani naringa, kumbe naogopa. Mtu akinisalimu namjibu, halafu natembea barabara nzima nikijiuliza kama nimemjibu kwa sauti inayofaa. Wakicheka chumba cha pili, najua wananicheka mimi.

(Wakati mwingine ilikuwa kweli.)

Nilipanga chumba nyuma ya nyumba ya familia moja ya Kihindi waliokuwa na duka la vitambaa. Mama mwenye nyumba alikuwa akiniletea chapati jioni, anasimama mlangoni kuona kama nimekula.

"Kijana," aliniambia siku moja, "chakula ukikifikiria kinapoa."

Huyo ndiye aliyekuwa akiongea na mimi zaidi kuliko mtu yeyote mjini.

Sasa, telex. Kwa wale ambao hawakuikuta: ni mashine kama taipureta kubwa, imeunganishwa na waya. Unachopiga Nakuru kinachapwa Kitale au Nairobi palepale. Ili usipoteze muda wa laini, kwanza unaandika ujumbe wako pembeni, mashine inautoboa kwenye utepe wa karatasi, matundu kwa kila herufi. Ukipata laini, unauweka utepe kwenye kisomeo, mashine inapiga yenyewe. Na ujumbe unaoingia, mashine inaweza kuutobolea utepe pia, ukitaka kuurudisha ulivyofika.

Operator wetu, Bi. Tabitha, alienda likizo ya uzazi. Karani mkuu, Mzee Kirui, akaniita.

"Bwana Digrii, umesoma hesabu. Hii mashine ina hesabu ndani. Keti hapo."

Nikaketi. Kila alasiri nilituma orodha ya malori kwa depo zetu. Malori mangapi, magunia mangapi, dereva nani. Muda uliobaki nilikuwa peke yangu na mashine katika chumba kisicho na dirisha la kutazama barabara.

Kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba mashine haina haraka wala uvivu. Mkono wa mtu hukimbia na kuchelewa, lakini utepe ukisomwa, kila herufi inachukua muda sawasawa.

Herufi inapiga "tak". Nafasi tupu, karibu kimya. Ukibadilisha kutoka herufi kwenda tarakimu, mtambo mzima unainuka na kushuka, "dum", hadi meza inatikisika. Na kulikuwa na kengele ya kumwamsha operator wa upande wa pili. "Ting".

Dum, tak, ting. Na kimya.

Kwetu tuna sukuti. Ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na mimi nilikulia karibu na watu wanaozipiga. Nilikuwa sijaisikia tangu nifike Nakuru. Jumamosi moja ofisi imefungwa saa sita mchana, kila mtu amekwenda kwa watu wake, nikabaki. Nikatenga mashine na laini, nikaanza kuandika.

Nikiwaandikia kwa mtindo wenu wa siku hizi, + ikiwa dum, k ikiwa tak, nukta ikiwa kimya na * ikiwa kengele, ilikuwa hivi:

+ . k k . k + . k . k *

Kwenye karatasi iliyochapwa ilikuwa takataka, nusu herufi nusu tarakimu. Lakini ukifumba macho, wakuu, ilikuwa kwetu.

Nikakata utepe, nikaunganisha ncha mbili kwa gundi ukawa duara, nikauweka kwenye kisomeo. Ukazunguka na ngoma haikukoma. Nyinyi mnaita loop. Yangu ilinuka gundi.

Nilikuwa nimesimama nikipiga makofi Mzee Kirui aliporudi kuchukua kofia yake.

"Bwana Digrii. Unasali ama unapigana na mashine?"

"Napima, Mzee. Napima mashine."

"Pima polepole. Hiyo ni mali ya kampuni, si ng'ombe wa babako."

Jumatatu ndipo nilipokosea. Niliandika orodha ya malori ya Kitale, na vidole vikiwa bado na joto la Jumamosi, vikaendelea. Nikatoboa ngoma mwishoni mwa utepe uleule wa malori bila kuukata. Laini ilipopatikana nikauweka, nikaenda kuchota maji ya kunywa.

Niliporudi, Kitale walikuwa wanapokea sukuti.

Nilitaka kufa. Nikaanza kutunga maneno ya kuomba radhi kichwani. La kwanza lilikuwa fupi mno, kama kiburi. La pili lilikuwa refu mno, kama mtu mwenye hatia. La tatu nilikuwa bado naling'arisha mashine ilipoamka yenyewe.

Kitale ilikuwa inapiga ngoma yangu.

Lakini si ileile. Ilikuwa imerudi hivi:

+ . k k . k + . k k k *

Hebu angalieni mwishoni. Pale nilipoacha kimya, mtu alikuwa ameweka pigo. Na lilikuwa pigo zuri! Ni pale ambapo ngoma ndogo ingeingia kama ingekuwa na mpigaji mtundu.

Nilikaa chini. Tangu nifike mji huu, hakuna mtu aliyekuwa ameelewa hata nusu ya nilichosema. Na sasa kuna mtu Kitale amesikia ngoma ndani ya takataka, akaongeza lake.

Kesho yake, baada ya malori, nikatuma tena, nikiacha pengo jipya makusudi. Ikarudi na mapigo mawili ya ziada.

Ikawa desturi. Malori, halafu ngoma, halafu jibu. Hatukuandikiana neno hata moja. Nakala za kila kitu zilienda kwa Mzee Kirui, na mazungumzo ya kibinafsi kwenye laini yalikatazwa. Takataka haikukatazwa, kwa sababu ilionekana kama mtu anapima laini.

Basi nikaanza kumchunguza huyo mtu kwa mapigo yake. Mniache nicheke kidogo. Nilijua ni mtu wa kuchangamka mvua ikikaribia, kwa sababu siku za mawingu majibu yalijaa mapigo. Siku za jua kali aliirudisha ngoma yangu vilevile, bila neno lake. Hapo nililala na wasiwasi. Nimemuudhi? Nimeweka kengele nyingi? Labda kengele ni matusi Kitale.

Kwenye mashine kulikuwa na kitufe cha kuuliza "wewe ni nani". Siku moja nilikibonyeza. Moyo ulikuwa unapiga sukuti yake. Jibu likaja haraka: jina la kampuni, KITALE.

Kumbe swali lile halimfikii mtu. Mashine huulizana zenyewe, zikajibizana zenyewe.

Likizo ya Bi. Tabitha ilikuwa inaisha. Akirudi, mimi napelekwa ghorofani kwenye hesabu, na utepe siuoni tena. Nilikuwa na nafasi moja ya kumjua mtu pekee aliyekuwa akinijibu duniani. Nikamwomba Mzee Kirui ruhusa ya kwenda na lori Kitale, nikasema nataka kuona depo.

"Graduate kwenye lori la magunia?" akasema. "Nenda. Vumbi la Kitale halina digrii."

Tulipita Timboroa kwenye mvua ya mawe. Dereva aliongea njia nzima na sikumbuki neno. Nilikuwa natunga sentensi ya kwanza.

Chumba cha telex Kitale kilikuwa nyuma ya ghala. Ndani alikuwa msichana wa umri wangu, sweta ya kijani, anakunja karatasi. Nitamwita Rhoda. Mashine yake ilikuwa ndani ya sanduku la mbao lenye blanketi ndani, kuzuia kelele. Nililiona hilo blanketi na sikujiuliza basi ngoma anaisikiaje.

"Mimi ni Nakuru," nikasema. Sentensi yote niliyotunga njiani ilikuwa imepotea.

"Ala! Wewe ndiye Nakuru?" Akasimama. "Mimi nilidhani Nakuru ni mzee wa miwani. Karibu, bwana. Wewe ndiye mtu wa kupima laini!"

"Kupima..."

"Kila siku! Hata wale wa Nairobi hawapimi hivyo. Mimi nakurudishia kama nilivyofundishwa, vile imefika, ndio uone makosa yako ni wapi. Si unaona? Hii laini yetu mvua ikinyesha huko Timboroa inaharibika kabisa. Unatuma nafasi, inafika herufi."

Nikamuuliza polepole kama hakuwahi kuongeza herufi yake mwenyewe.

"Niongeze?" Alionekana kama nimemtukana. "Hata moja. Si ningefutwa kazi?"

Wakuu, lile pigo la ngoma ndogo lilikuwa mvua. Nilikuwa nimecheza miezi na nguzo za simu.

Ningeweza kunyamaza. Lakini alinitengenezea chai, na uso wake ulikuwa mwema, nikamweleza yote. Ngoma tatu, dum, tak, ting. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Hebu nisikie hiyo ngoma."

Tukaliondoa sanduku. Nikatoboa utepe, nikaupiga. Ile mashine ilikuwa mpya kuliko yetu, dum yake ilikuwa nyepesi kama mlango wa kabati, na kengele yake ilikuwa imelegea. Niliona nikimtazama usoni kwamba hasikii kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, jinsi mtu anavyosikiliza mtoto wa mgeni akiimba.

"Mimi nasikia mashine tu," akasema. "Pole."

Kisha, akiwa anarudisha blanketi, akasema kitu ambacho nimekaa nacho maisha yangu.

"Lakini nilikuwa naingoja. Hapa mtu akinitafuta ananitafutia malori. Hiyo yako haikuwa ya malori."

Dereva akapiga honi. Nikaondoka. Nilikuwa na jibu zuri sana nilipofika Eldoret.

Jumatatu, baada ya malori, sikutuma ngoma. Niliona aibu. Mashine ikanyamaza kwa muda, halafu ikaamka.

RYRYRYRYRYRYRYRYRYRY

Hiyo ndiyo alama ya kweli ya kupima laini, ile wanayofundishwa operator wote. Haina pengo wala mshindo. Tak tak tak tak, kama mtu anayetembea tu. Lakini safari hii alianza yeye.

Nikauweka utepe wake kwenye kisomeo, nikamrudishia kama ulivyonifikia. Ulikuwa safi, hakuna kosa hata moja. Siku hiyo mawaya yote yalikuwa makavu.

Tulifanya hivyo mpaka Bi. Tabitha akarudi.

Ghorofani nilikaa juu ya kile chumba hasa. Alasiri nilisikia malori yakienda, kisha kimya, kisha kupitia sakafu, tak tak tak tak. Halafu karatasi ikichanwa.

Nikashuka. "Bi. Tabitha, Kitale wakituma hiyo, warudishie."

"Niwarudishie ili iweje? Laini ni nzima." Akanitazama juu ya miwani. "Bwana Digrii, ulinishikia kiti, asante. Sasa usinifundishe kukikalia."

Ikaja kesho yake, na siku zilizofuata. Hakuna aliyejibu. Mtauliza kwa nini sikuandika barua. Niliandika nyingi. Kila moja ilifika mahali pa kueleza nataka nini, ikaishia hapo.

Kisha alasiri moja malori yakaenda, nikaweka kalamu chini nikangoja, na sakafu haikusema kitu.

Miaka mingi nilijiambia funzo ni kwamba usijenge mtu kutokana na kelele za waya. Na ni kweli, vijana, hasa nyinyi wa kusoma "seen" na "typing". Ukitaka kujua mtu ni nani, muulize kwa mdomo, tena mapema.

Lakini siku hizi naona niliwaza vibaya kidogo. Nilimtaka mtu wa kuniongezea pigo, nikakosa kumwona yule aliyekuwa akinirudishia kila kitu changu, kila siku, bila kubadilisha herufi hata moja.

Haya, nimemaliza. Nyinyi wa code, ule mstari wa sukuti nimewaachia hapo juu, uwekeni kwenye mashine zenu mniambie unasikikaje. Ule wa kwanza, wenye pengo. Na kama kuna aliyewahi kukaa kwenye telex Kitale, au anayemjua aliyekaa, aniandikie hapa chini. Hata kama hana la kusema.