Uhamisho wa Sista Kaa-Vizuri

Jina la nadhiri alikuwa nalo, la mtakatifu wa kueleweka kabisa, lakini wanafunzi walilizika siku nyingi. Wao walimwita Sista Kaa-Vizuri, maana ndiyo ilikuwa salamu yake. Aliingia kufundisha darasa la kwanza akiwa binti mwembamba mwenye macho ya mwewe, na alipoota mvi mgongo ukapinda, bado alikuwa humo humo. Wenzake walipanda wakawa wakuu wa shule. Yeye, kwa maneno ya mpishi wa masista, alirudia darasa mpaka darasa likamchoka.

Kila mwaka watoto wapya walikuja na vilio vyao. Mwaka mmoja kabinti kaling'ang'ania mwimo wa mlango kama kupe. Mama yake alitaka kukarudisha nyumbani, Sista akamkatalia: "Mcha mwana kulia hulia yeye, mama." Akaanza kubandua vidole vya mtoto, kimoja kimoja. "Lia leo, mwanangu. Lia ushibe. Kesho hakuna." Dawa hiyo haikuwahi kushindwa na mgonjwa.

Basi kabinti kale ndiko kalikokuja kuwa Mama Mkuu wa shirika. Mungu naye ana utani wake.

Mama Mkuu huyo aliogopwa na mafundi, madereva na mapadri wachache. Lakini mbele ya Sista, akisikia tu "kaa vizuri", mgongo ulimnyooka wenyewe. Alikuwa na jambo zito la kumwambia. Macho ya Sista yalikuwa yamekwisha. Juzi tu alikuwa ameukaripia mkoba uliotundikwa kwenye kiti, kisa hautaki kujibu swali. Wakati wa kwenda nyumba ya masista wazee ulikuwa umefika. Mama Mkuu alimwita ofisini, akamwita tena, na kila mara waliishia kunywa chai na kujadili afya ya kuku.

Sista hakuwa mtoto wa jana. Alijua anachoitiwa, na ndiyo maana aliwasifia wale kuku kwa bidii. Kanisani aliomba jambo moja tu, afie ubaoni, chaki mkononi. Aliapa utii, ndiyo, ila alitumaini hakuna atakayemkumbusha.

Sasa, masista hawa chakula cha jioni hula kimya, mmoja wao akisoma kwa sauti maisha ya watakatifu. Sista hakumvumilia msomaji mbovu. "Rudia," alikuwa akisema, kijiko kikiwa hewani, na mfiadini wa watu akachomwa moto upya. Uhamisho wa mwaka nao husomwa hapo hapo mezani, na msomaji huwa Mama Mkuu mwenyewe.

Jioni hiyo alisoma vizuri mpaka alipolifikia jina la Sista. Hapo akaanza kumung'unya maneno.

"Rudia," ikasema sauti kutoka mwisho wa meza. "Usimeze maneno."

Vijiko vikasimama. Mama Mkuu akarudia kwa sauti, machozi yakimlenga: Sista anaacha darasa la kwanza, kesho anahamia nyumba ya wazee.

"Hapo sasa umesoma," Sista akasema. "Kaa."

Mama Mkuu akakaa. Supu ya Sista ilipoa, hakuigusa tena.

Asubuhi dereva alipiga honi hadi akachoka. Mama Mkuu akaenda moja kwa moja darasa la kwanza. Alimkuta Sista mlangoni, ameushika mwimo kwa mikono yote miwili, analia kwa kwikwi na kamasi, bila aibu yoyote. Ilimuuma Mama Mkuu kuliko kitu chochote alichowahi kuamuru. Akaanza kubandua vile vidole vyenye vumbi la chaki, kimoja kimoja.

"Lia leo, Sista," akamwambia. "Lia ushibe."

Akakwama hapo.

Sista akavuta kamasi. "Malizia, mwanangu. Usimeze maneno."

"Kesho hakuna," akasema Mama Mkuu, na yeye ndiye aliyelia njia nzima.