Do Ilikuwa G

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha Mzenga, meneja alinipa kalamu, daftari la kupokelea korosho na swali.

"Barua yako inasema unajua muziki. Unaijua do?"

"Naijua, mzee."

"Iko wapi?"

Nikamwambia inategemea wimbo. Akaniangalia kama mtu aliyeuliza bei akajibiwa "tutaelewana".

"Haya. Jioni kaifundishe kwaya inakokaa. Mchana hesabu magunia."

Ndivyo nilivyokuwa karani wa ghala na mwalimu wa kwaya ya wafanyakazi, kazi mbili kwenye barua moja. Shirika lenyewe limekwishakufa, na marehemu hasemwi kwa jina.

Ninyi vijana wa kwaya za leo mnabonyeza kinanda, chenyewe kinawapandishia na kuwashushia wimbo. Sisi tuliimba makavu, bila chombo. Skeli ni ngazi ya sauti saba, na ya nane ni ile ya kwanza imerudi juu zaidi: do, re, mi, fa, so, la, ti, do. Ile ya kwanza vitabu vya Kiingereza huiita tonic, yaani sauti ambayo wimbo ukiifikia unatulia. Ukiishia kwingine, msikilizaji anabaki anasubiri. Katika sol-fa tuliyofundishwa chuoni, do ya skeli ya kawaida ndiyo tonic, na inahama. Unaandika ubaoni "Do ni G" au "Do ni E" kufuatana na makoo uliyonayo; herufi hizo ni majina ya sauti zisizohama. Lakini Kiingereza hicho hicho kina matumizi ya pili: wapo wanaosema do ni C tu, iwe mvua iwe jua. Wote wako sahihi, kila mmoja kwake. Ajali hutokea pale wimbo ulioandikwa kwa mtindo mmoja unapoimbwa kwa mwingine.

Chombo changu kilikuwa uma wa sauti, chuma chenye meno mawili. Ukikigonga gotini kinalia A, basi. Nikitaka G, naiita ile A "re", nashuka hatua moja, do hiyo hapo. Nilikuwa nafanya hivyo mara mbili kabla ya kufungua mdomo, maana hata chuma sikukiamini moja kwa moja.

Baada ya miaka mitatu nilipelekwa Gwata, ambako nilikuta besi kumi na moja na soprano wawili, mmoja mtoro. Kule nilijifunza kupanga do kwa watu waliopo, si kwa watu ninaowataka. Kisha nikarudishwa Mzenga. Kila jioni niliwahesabu waimbaji mara mbili, ishirini na wanne. Nikihesabu sauti, nilikuwa na mmoja, na wengine ishirini na watatu wa kumsindikiza.

Huyo mmoja alikuwa Bi. Mwanahawa, mchambuzi wa korosho, mzaliwa wa pale pale, aliyekulia kwenye qaswida. Alikuwa kibarua wa msimu: korosho zikiisha na kazi imeisha. Ndipo makao makuu ya Kibaha yakatangaza mashindano ya kwaya za vituo vyote. Kiongozi wa sauti atakayefanya vizuri atachukuliwa kwenye kwaya kuu, na ajira ya kudumu. Mwanahawa alikuwa na watoto watatu na mume aliyeondoka bila kuaga. Sikuhitaji kuhesabu mara ya pili kujua ajira ile ina maana gani kwake.

Wiki mbili kabla, akaja Mratibu wa Utamaduni wa shirika, na kinanda kipya na kamusi ya Kiingereza ya muziki. Akabonyeza C.

"Do hii hapa. Imbeni."

"Mkuu," nikasema, "wimbo huu do yake ni G."

Akafungua kamusi mbele ya watu wote. "Imeandikwa do ni C. Waingereza wenyewe hawa. Wewe unabishana na nani?"

"Sibishani, mkuu. Maana ziko mbili. Ya pili iko hapo chini yake."

"Barua yako ya uhamisho nayo iko mezani kwangu, chini ya nyingine. Niiache huko huko?"

Besi wakacheka. Mke wangu alikuwa akifundisha Kongowe ya Kibaha, na mimi nilikuwa nimeomba kumfuata kwa miaka sita. Mimi niliyezoea kubishania gunia lililopungua kilo moja, siku hiyo sikutaja bei ya pili.

Mratibu alipoondoka, Mwanahawa akanifuata ghalani.

"Mwalimu, hiyo C naiimbaje? Nikishika ya chini hawanisikii, nikishika ya juu nakatika."

"Mazoezini mridhishe. Siku yenyewe nitatoa G. Wewe tulia."

"Utatoa kweli?"

"Nitatoa."

Siku yenyewe, ukumbini Kibaha, Mratibu alikaa kwenye kinanda mwenyewe. Majaji watatu, kalamu tatu. Akabonyeza C. Mwanahawa hakuanza. Aliniangalia. Uma ulikuwa mfukoni, goti lilikuwa karibu, kazi ya kufumba na kufumbua. Mratibu akabonyeza C mara ya pili, safari hii akiniangalia na yeye.

Nikainua mkono nikahesabu: moja, mbili.

Mwanahawa alichagua ya juu, kwa sababu ya chini isingefika hata safu ya tatu. Ubeti wa kwanza alivumilia. Kwenye kiitikio, ilipofika do ya kilele, sauti ikakatika, ikabaki pumzi. Besi waliendelea vizuri kabisa. Wao C iliwafaa.

Jaji mkuu alisema kiongozi wetu hana sauti ya juu. Mratibu akanigeukia mbele yao.

"Mwalimu, una la kuongeza?"

"Sina, mkuu."

Barua yangu ilisainiwa wiki ile ile. Msimu uliofuata Mwanahawa hakuitwa hata uchambuzini. Kongowe nilifundisha kwaya miaka kumi na tisa, na kila wimbo mpya niliandika do yake ubaoni kwa herufi kubwa. Watu waliniona mwalimu makini. Nilipostaafu walinipa saa ya ukutani, na Mratibu, naye akiwa mstaafu, alisimama akanisifu kuwa sikuwahi kumsumbua. Alisema kweli.

Mwaka jana nilikwenda Mzenga. Nilimkuta Mwanahawa uani anamenya mihogo, mvi zimejaa.

"Shikamoo, mwalimu. Umepotea."

"Marahaba. Nimekuja kukwambia neno. Siku ile ya Kibaha kosa halikuwa lako. Do ilikuwa G."

"Najua ilikuwa G." Hakuinua macho kwenye muhogo. "Nilikuwa nayo kichwani tangu tunapanda jukwaani. Ningeweza kuianzisha mwenyewe, na kinanda kingejijua chenyewe."

"Sasa mbona hukuianzisha?"

Akaweka kisu chini.

"Si uliniambia utaitoa wewe?"