Seva ya Zombe Iliyoitikia Kila Jina

"Ujumbe ulitoka kwako, Mama Kanini. Usinizungushe!"

"Ulitoka kwangu, sikatai. Lakini linki uliyobonyeza ilikuwa na jina la nani?"

"Mimi nasoma meno ya mbuzi, sisomi linki!"

Ni saa tatu asubuhi sokoni Zombe, Kitui, na majirani hawa wawili wamevuta umati mkubwa kuliko mhubiri mwenye spika.

Nzilani Muthama, 38, ambaye soko humwita Mama Kanini, hutengeneza simu. Pia huendesha tovuti ambamo wauza mifugo hutangaza mbuzi wao. Abdijabar Bulle, ambaye duka lake limeshikana ukuta na la Nzilani, ni mmoja wao.

Juzi Abdijabar alipokea ujumbe wa kubadilisha nenosiri, ingawa hakuwa ameuomba. Akaona umetoka kwa jirani, akabonyeza. Kumbe linki ilipeleka ruhusa ya kubadilisha nenosiri kwa mwizi, ambaye aliingia kwenye ukurasa wa Abdijabar, akaondoa nambari ya simu iliyokuwepo na kuweka yake mwenyewe. Mteja aitwaye Kivuva, kutoka Kikima, akalipia mbuzi kumi kwa nambari hiyo, akaja na pikapu, akakuta Abdijabar hana habari. Akamwita Abdijabar mwizi, watu wote wakisikia.

"Baba yangu aliuza hapa hadi uzeeni, hakuitwa hivyo hata siku moja," Abdijabar anasema. "Jina langu lisiposafishwa, natoka kwa hiyo tovuti. Na wenzangu wananifuata."

Wakitoka, Nzilani atafunga. Kila mfanyabiashara humlipa shilingi mia mbili kwa mwezi, na hizo ndizo karo ya mtoto wake, Kanini.

"Ukiomba ukurasa, simu yako huitajia seva, ile kompyuta inayobeba tovuti, jina la tovuti unayotaka," Nzilani anaeleza. "Yangu ilikuwa inachukua jina lolote ililoambiwa na kuliandika kwenye linki. Mwizi aliomba nenosiri la Abdijabar, akataja tovuti yake mwenyewe. Seva ikaamini, ikatuma."

Na mbona ilikuwa inaamini hivyo? Hapo soko linacheka, maana linajua. Tovuti ilipoanza, Abdijabar alitaka iitwe Bulle, na muuza mbuzi mwingine, Kilonzo, akataka iitwe Kilonzo.

"Ningemkataa nani? Hawa ndio wananiletea uji nikiugua," anasema. "Nikaiacha iitikie kila jina."

Sasa ameweka laptopu juu ya meza ya dukani. Anaandika majina ambayo seva inaruhusiwa kuitikia. Mengine yote yatarudishwa. Linki za nenosiri nazo zitabeba jina moja tu, hata mtu ataje nini.

"Jaribu Bulle," Abdijabar anamwambia.

Seva inakataa.

"Hata jina la baba yangu?"

"Hata baba. Hata mimi, jirani."

Kisha Nzilani anampigia Kivuva na kufungua sauti ili soko lisikie. "Kosa lilikuwa kwa seva yangu. Abdijabar hakula pesa yako. Polisi wanaitafuta hiyo nambari."

Kivuva anajibu: "Basi mwambie nilimwita vibaya. Nitakuja nimwambie mwenyewe."

Abdijabar anafuta uso kwa kitambaa. "Aje," anasema. "Mimi siendi popote."

Nzilani anapanga kuwatembelea wanaoendesha tovuti ndogo kama yake, kuanzia Matinyani, awaonyeshe shimo aliloangukia.

Lakini Hibaq, mke wa Abdijabar, tayari amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Mama Kanini, umempigia kelele mume wangu tangu asubuhi, na hujatia kitu tumboni. Ingia ule. Na wewe mwandishi, unangoja kuitwa kwa barua?"