Katuni niliyorekodi juu ya kaseti ya harusi yangu

Wakuu, heshima kwenu wote. Hii siyo chai, yalinikuta mimi mwenyewe, na sijawahi kumwambia mtu. Mtakaocheka mwanzoni chekeni tu, hata mimi nilicheka.

Miaka ya vita nilikuwa na kibanda cha video pale Masisi. Deki mbili, televisheni moja, na jenereta yenye kelele kuliko filamu yenyewe.

Mfanyabiashara mmoja wa Butembo alikuwa akiniletea katuni ya Kifaransa, series ya kudhihaki zile filamu za vyombo vya angani. Kapteni anavaa sufuria kichwani, anahangaika na darubini kutafuta sayari aliyosimama juu yake. Hata wanajeshi walikuja, wanaegesha bunduki ukutani, wanacheka mpaka machozi.

Siku moja akaniachia kaseti mpya kwa saa chache tu, gari lake lilikuwa linaelekea Walikale. Nikataka kopi. Kaseti tupu hakuna mji mzima.

Nikakumbuka kaseti ya harusi yetu. Harusi ilichukua nusu tu, nusu nyingine ni tupu.

Vijana mliokulia kwenye flash hamjui. Kaseti ilikuwa na kijiplastiki kwa nyuma. Mpiga video akishakivunja, deki haikubali kurekodi tena. Sisi wajanja tulikuwa tunaziba lile tundu kwa selotepu.

Nikaziba, nikabonyeza. Sikuangalia imesimama wapi, maana jana yake tulikuwa tumetazama harusi mpaka mwisho. Sikujua kwamba mke wangu Neema alishairudisha mwanzo. Ndivyo alivyokuwa, hapendi kaseti iachwe katikati.

Wiki hiyohiyo vita vikaingia mjini.

Tulikimbia kwa miguu kupitia Walikale. Nyumba ilichomwa, picha zote ziliteketea. Mimi nilibeba kaseti ya harusi ndani ya shati. Njiani Neema akashikwa na homa, siku ya nne akafa. Nilimzika kando ya barabara, nikisaidiwa na watu nisiowajua.

Nikafika Hombo peke yangu.

Miezi baadaye mama mkwe akanifuata kutoka Bihambwe. Mazishi hakuyawahi. Akasema matanga hayajaisha kwake, maana hajauona uso wa mwanawe, na amesikia nina kaseti.

Majirani wakaazima deki na televisheni, tukakusanyika mchana. Mama akakaa mbele, kwenye mkeka, na kitenge chake kizuri.

Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Kwa hiyo nilisimama nimempa mgongo nikiitoa kaseti, na ndipo nikaiona selotepu. Nikaibandua kwa kucha, nikaificha mfukoni. Moyoni nikaomba katuni iwe kwenye ile nusu tupu.

Kapteni akatokea na sufuria yake.

Majirani wakaanza kucheka, wakajizuia. Nikapeleka mbele, bado katuni. Mama akaniambia niache itembee, pengine harusi iko mbele. Tuliangalia yote, wakuu. Yote. Hakusogea hata mara moja.

Skrini ilipobaki chenga tupu, akauliza, "Mutoto wangu iko wapi?"

Nikadanganya. Nikasema kwenye kizuizi cha barabarani wanajeshi walipekua mizigo, bila shaka walibadilisha kaseti.

Mama akainuka, akanishika mkono, jambo ambalo kwetu halifanyiki.

"Usilie, mukwe wangu. Weye njo mwenye ulimubeba. Barudishe kaseti ao basirudishe, Mungu aliona."

Nililia kweli, lakini siyo kwa sababu aliyoidhani.

Mama bado yuko hai, kazeeka sana. Kila nikienda Bihambwe ananifungia jibini na maharage. Wageni wakija anawaambia huyu ndiye aliyeacha vyote, akamkimbiza Neema ndani ya shati. Mimi nainamisha kichwa, wao wanadhani ni adabu.

Nilichojifunza: kitu cha mtu mmoja tu, chenye sura yake, usikiguse kwa haraka zako. Na uongo wa kujiokoa usiuseme mbele ya mtu mwema, maana atakushukuru, na shukrani yake utaishi nayo.

Mwezi ujao naenda tena. Nikimwambia, nitamtua yeye mzigo au nitajitua mimi tu? Waliowahi kuungama kwa mzazi aliyezeeka, niambieni mlianzaje. Ninasoma comments zote, hata za matusi.